Mawe Sita Niliyoyahamisha

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana nikiuficha utachungulia tu katikati ya habari na kuniaibisha zaidi. Ijumaa moja asubuhi, nikiwa na miaka kumi na tano na akili ya mbuzi, niliokota mawe sita yaliyokuwa yametawanyika kwenye majani ya uwanja ulio nyuma ya stesheni, nikayabeba moja moja mpaka pembe ya uwanja, nikayapanga duara zuri kabisa, kama vile watu wa zamani sana walikuwa wakiketi hapo kufanya mambo yao ya siri. Kisha nikajificha nyuma ya behewa bovu pamoja na rafiki yangu Kambale, mtoto wa muuza duka kutoka Butembo, tukangoja mzee mmoja mwenye miwani aje adanganyike. Alikuja. Alidanganyika. Tulicheka mpaka Kambale akashikwa na kwikwi.

Mzee huyo, Mzee Sefu, alifariki mwezi uliopita. Sasa niko darasa la sita la sekondari, mtihani wa Serikali unanikodolea macho, na ningepaswa kuwa nasoma kemia badala ya kuandika haya. Lakini siku ya tatu ya matanga, wakati wanawake wanapakua wali na maharage uani, binti yake mkubwa alitoka chumbani na sanduku la bati, akaliweka miguuni pangu mbele ya watu wote, akasema, "Baba alisema hii tukupe wewe. Sababu wewe njo ulikuwa unamusumbua kupita wote." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha matanga, kile cha kuziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Nilifungua sanduku pale pale na vidole vyangu vikaenda vyenyewe kwenye kadi moja kati ya zilizojaa humo, fishi namba arobaini na moja. Mstari wake wa tano umekatwa kwa wino, mkato mmoja mrefu. Nilifunga sanduku upesi kama mtu aliyeona nyoka.

Mwaka ule tulikuwa wanafunzi wanne tuliotumwa kwake na mwalimu wa historia, wawili kwa sababu walipenda kazi, na mimi na Kambale kwa sababu tulikuwa tumefukuzwa darasani na mwalimu hakujua atuweke wapi. Mzee Sefu alikuwa amepewa chumba cha zamani cha kuwekea mizigo pale stesheni, na humo ndani alikuwa anaandikisha mahali pote pa kale pa mji wetu wa Kindu: makaburi, visima, misingi ya nyumba za Waarabu, sehemu zilizoyeyushiwa chuma. Chumba kilinuka popo na chai ya tangawizi. Meza ilikuwa na miguu mitatu, na kopo la maziwa badala ya wa nne. Kila mahali palipata fishi moja, karatasi ngumu ya ukubwa wa daftari, yenye mistari: jina la mahali, nani anapajua, panatumiwaje leo, na kadhalika. Mstari wa tano ndio uliokuwa ugonjwa wake. Uliitwa "Jiwe". Hapo ulitakiwa kuandika udongo gani uko chini, jiwe gani liko juu, rangi, uzito, chembe zake, na kama ni jiwe la hapa au jiwe la kuja. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye kompani ya madini, akitafuta mawe ya wenyewe, na sasa uzeeni alitaka kuandika yale yasiyouzwa. Sisi tulimwita Mzee Kokoto. Alijua. Alikuwa na desturi ya kuokota bonge la udongo, kulitia mdomoni na kulisaga kwa meno ya mbele ili ajue kama lina mchanga. Siku ya kwanza Kambale akamuuliza kwa heshima zote, "Muzee, tukuletee na chumvi?" Mzee akatafuna taratibu, akatema pembeni, akasema, "Wakati wa vita tulikula kila kitu bila chumvi, mutoto wangu. Hii haina shida."

Hivyo ndivyo watu wazima wa Kindu wanavyotaja vita: kwenye chumvi, kwenye bei ya sabuni, kwenye habari ya baiskeli iliyopotea. Husemi "nieleze". Ukisema "nieleze", mazungumzo yanakufa. Mama yangu alikuwa bingwa wa jambo hilo. Niliyoyajua kwake yangeenea kwenye kisanduku cha kiberiti: kwamba mji ulifungwa, kwamba mtu aliyekwenda shambani hakurudi, kwamba walikula sombe kavu, majani ya muhogo matupu, mpaka midomo ikawa ya kijani. Mengine niliyasikia kwa masikio ya wizi. Jirani yetu wa mtaani kwetu Mikelenge, Bibi Salima, ambaye macho yalikuwa yamemwisha, alipenda kuketi kwenye kibaraza chetu na kumwita mama "Mama Zaina". Mimi naitwa Ramazani, mdogo wangu Asha. Kwetu Zaina hayupo. Nikaamua kwamba bibi amezeeka kichwani, na nilikuwa namwigiza mbele ya Asha, "Mama Zaina, unipe maji, Mama Zaina," hadi siku moja mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaniangalia tu. Hakunipiga. Angenipiga ningeelewa.

Na jiko letu. Hapa lazima nisimame kidogo. Mafiga ya watu ni matatu, kila mtu anajua. Yetu yalikuwa mawili na tofali. Mawili mazuri, meupe-kijivu, mazito, yenye chembechembe zinazometa kama magamba ya samaki ukiyafuta masizi, mawe ambayo moto hauyapasui. Na la tatu tofali la kuchoma, lililopasuka na kubadilishwa sijui mara ngapi. Tofali lilikuwa fupi. Kwa hiyo sufuria yetu ilikaa imeinama, na mimi nilizoea kusema kwamba kwetu hata sufuria inarukuu. Maharage yaliungua upande mmoja na kubaki mabichi upande wa pili. Mara mbili nilimwambia mama nitamletea jiwe la tatu, mawe yamejaa mjini, hata ni bure. Mara zote mbili alisema, "Achana na jiko yangu."

Sasa uwanja. Nyuma ya stesheni pana eneo la wazi ambalo hakuna aliyewahi kulijenga, na mwaka ule ilitangazwa kwamba litasawazishwa liwe maegesho ya malori. Injinia wa kazi hiyo, kijana mpole mwenye buti safi, alikuja chumbani kwetu akaketi kwa uangalifu mbele ya ile meza ya kopo, akasema, "Muzee, mashini inaanza siku ya Jumatatu. Pahali pote penye fishi, tutazunguka. Penye hapana fishi, tunapita." Mzee Sefu akasema sawa. Alipanga kuupima uwanja Ijumaa, jiwe kwa jiwe. Ardhi ya pale ni ile nyekundu yetu, na mawe yake ni mekundu, yenye matundu kama mkate uliochacha. Mzee alikuwa ametufundisha kwamba ukiona kwenye ardhi ile jiwe lisilo jekundu, limelala peke yake, usilisogeze hata kwa kidole cha mguu. "Halikutembea," alisema. "Muntu alilileta. Uandike kwanza fasi gani limelala, pahali gani kabisa, halafu uende kuuliza majirani ni nani. Na uligeuze, uone upande gani ulilala chini." Kugeuza jiwe: alituimbia jambo hilo wiki nzima. Lenye kukaa muda mrefu lina tumbo jekundu na mgongo mweusi, na chini yake kuna kitanda, shimo la umbo lake mwenyewe. Sisi tuliitikia ndiyo Mzee, huku mguu wangu ukimkanyaga Kambale chini ya meza.

Mawe yasiyo mekundu yalikuwa sita. Matano yalikuwa ya kijivu, yenye makali, yale yanayomwagwa chini ya reli. La sita sikuliangalia. Lilikuwa zito kuliko mengine, nikalitukana, nikaliweka.

Nikiwa nyuma ya behewa nilimwona Mzee Sefu akifika, akisimama, akivua miwani, akiifuta kwa shati, akiivaa tena. Alilizunguka duara mara tatu. Alipiga magoti, mtu wa umri ule. Alipotuita tukatokea kwa mbali kama watu wanaotoka safari. "Watoto," akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda kama ya msichana, "muangalie. Matano ni ya reli, kwa hiyo haiwezi kuwa ya zamani sana. Lakini hii moja!" Akaweka kiganja juu ya lile zito. "Hii si ya reli. Hii inatoka upande wa Kibombo, kule wanapasua mawe yenye kumeta. Na imekaa ku moto. Miaka mingi imekaa ku moto. Hili lilikuwa jiko." Akaandika palepale, akachora, akapima kwa kamba, Kambale akashika upande mmoja wa kamba akitetemeka kwa kicheko. Fishi namba arobaini na moja: Jiko la wajenzi wa reli. Uwanja uliobaki: hakuna kitu. Alikuwa na furaha kubwa hivi kwamba hakugeuza hata jiwe moja.

Jumamosi mchana mama alikwenda kuchota maji, akaniachia sufuria ya maharage. Moto ulikuwa unasinzia. Nililala kifudifudi kuupuliza, shavu karibu na ardhi, na pua yangu ikawa kiganja kimoja kutoka kwenye figa la kushoto. Masizi yalikuwa yamebanduka. Chini ya masizi jiwe lilimeta. Nilipuliza tena, majivu yakaniingia machoni, na nikasikia sauti ya Mzee kama amesimama nyuma yangu: upande wa Kibombo, imekaa ku moto. Mama yangu ni mtu wa Kibombo. Kibarazani Bibi Salima alikuwa anajisemea, "Mama Zaina leo amekawia."

Si kwamba nilielewa. Nilijua tu kwamba nimekaa juu ya kitu na kitu hicho kinapumua. Nilikimbia mpaka dukani kwa baba yake Kambale, nikamtoa kwa ishara, tukaenda uwanjani. Mashini ilikuwa tayari imeletwa, ya njano, imefunikwa turubai, na mlinzi wake alikuwa anakula karanga. Nilitoa jiwe la sita kwenye duara na kulitia kwenye gunia. "Unafanya nini tena?" Kambale akauliza. Nikamwambia sijui. "Kama hujui, rudisha," akasema, na huyo ndiye mtu aliyecheka mpaka kwikwi. Nikamwacha.

Nyumbani niliteremsha sufuria, nikaondoa tofali, nikaweka jiwe mahali pake. Liliingia. Sijui niseme vipi: liliingia kama jino. Kimo kilekile, mgongo uleule, kumeta kulekule. Nikarudisha sufuria juu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe ilisimama sawa. Nilikuwa bado nimechuchumaa naitazama niliposikia ndoo inatuliwa chini polepole, polepole mno, namna mtu anavyotua ndoo wakati hataki itoe sauti.

Mama hakuniangalia mimi. Aliliangalia jiko. Maharage yalikuwa yanachemka pande zote.

"Uliitoa wapi hii jiwe?"

Nilitafuta utani. Ndiyo silaha yangu ya kila siku, nikiingiza mkono natoa mmoja. Siku ile niliingiza mkono na hapakuwa na kitu. Nikasema, "Ku uwanja ya stesheni."

"Ilikuwa fasi gani?"

"Mama, niliisogeza. Tulikuwa tunamuchekesha Muzee. Niliokota yote sita, nikapanga duara."

"Yote sita," akasema. Aliketi juu ya ndoo ya maji, akainuka tena kwa sababu ndoo ilikuwa imejaa. Kibarazani Bibi Salima, ambaye haoni lakini anasikia hata mchwa, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni jiwe ya mutoto?" Na mama akajibu, "Ndiyo, Bibi. Ni jiwe ya mutoto."

Basi ndivyo nilivyoambiwa, ingawa si mimi niliyeambiwa. Waliongea wao wawili na mimi nikiwa katikati nimeshika tofali. Kwamba makaburi yalikuwa ng'ambo ya mto, Alunguli, na hakuna aliyethubutu kuvuka. Kwamba wiki moja ya vita, mji ukiwa umefungwa, walizikwa watu sita nyuma ya stesheni, haraka, mchana, bila maneno mengi. Kwamba hawakuweka miti ya alama kwa sababu askari walikuwa wanapikia kila kipande cha mti. Kwamba wengine waliokota mawe ya reli, lakini ilipofika zamu ya mama, askari walikuwa wameketi relini, akaogopa, akarudi nyumbani na kuchukua kitu pekee kizito alichokuwa nacho. Zaina alikuwa na miaka miwili. Homa, Bibi alisema. Njaa, mama alisema. Hawakubishana.

"Jumatatu mashini inapita," nikasema. "Ku fishi kuna duara tu. Pahali pengine pote hapana kitu."

Mama aliteremsha sufuria ya maharage, akamwaga maji juu ya jiwe, likalia mvuke, akangoja lipoe. Akalifunga kwenye kitenge na kulipakata mkononi. Tukaenda. Wingu lilikuwa limesimama juu ya mto Lualaba na mimi nilihesabu: mvua ikinyesha vitanda vitajaa matope, vikijaa matope hatutaona chochote, na kesho ni Jumapili, na keshokutwa. Nilimtuma Kambale, aliyekuwa bado anazungukazunguka pale, akamwite Mzee Sefu. Alifika na mfuko wa fishi chini ya kwapa, anahema. Nilimwambia yote bila kupumzika. Alivua miwani. Nilidhani atanizaba kofi, na nilikuwa nimeandaa shavu.

"Mulicheka sana?" akauliza.

"Tulicheka, Muzee."

"Sikugeuza jiwe," akasema, zaidi kwake mwenyewe kuliko kwangu. "Wiki nzima naimba geuza jiwe, na mimi mwenyewe sikugeuza." Akatoa fishi arobaini na moja na kukata mstari wa tano, mkato mmoja mrefu. Halafu akapiga magoti kwenye duara langu na kuyageuza yale matano, moja moja, na yote yalikuwa na matumbo mekundu.

Mama hakutafuta. Hilo ndilo ninaloliona hadi leo nikifumba macho. Uwanja mzima wa majani, sisi watatu tukiparura na vijiti kama kuku, na yeye alitembea moja kwa moja kutoka kwenye nguzo ya zamani ya maji, kwa mwendo wa mtu anayekwenda msalani kwake, akasimama. "Hapa." Nilitenganisha majani. Kitanda kilikuwepo, bado kikavu, na chungu wadogo wakikimbia na mayai yao kwa sababu paa lao lilikuwa limeondoka. Kisha akageuka na kuanza kunyoosha mkono: pale ni mume wa yule anayeuza mafuta ya mawese sokoni, pale ni wale ndugu wawili, hapana, mbele kidogo. Miaka yote alikuwa anapita hapo kwenda sokoni. Mimi nilidhani anapita hapo kwa sababu ni njia fupi. Si njia fupi. Kambale na mimi tulibeba, Mzee aligeuza na kupimia tumbo la kila jiwe kwenye kitanda chake, na la tano lilitusumbua mpaka matone ya kwanza yalipoanza kuanguka, mpaka nikaanza kulia kama mtoto, ndipo Kambale akalikanyaga shimo na kuanguka.

Mama mwenyewe aliweka la sita. Alilizungusha kidogo mpaka likakaa.

Mzee Sefu alikuwa ameandika fishi mpya tano, akizikinga mvua kwa tumbo lake. Kwenye ya sita alifika mstari wa tano, akasimamisha kalamu. "Mama Zaina," akasema, na sikumfundisha mimi jina hilo, "hapa ku mustari ya jiwe niandike nini?"

"Andika jiwe ya kuja," mama akasema. "Ilikuja na mimi ku treni, toka Kibombo. Mama yangu njo alinipa."

"Zilikuwa ngapi?"

"Tatu."

Akaandika. Mvua ilianza kunyesha kweli. Mimi nilikuwa nimesimama na gunia tupu, nikifikiria yale maharage yaliyoachwa chini, yameiva pande zote mara moja tu katika maisha yake na maisha yangu, nikingoja mama aniambie lolote, lile la kunivunja au lile la kunisamehe, nipate kujua niishi vipi. Mama alijifunika kitenge kichwani, kile kilichokuwa kimebeba jiwe, na kingali na masizi. Akanipita. Baada ya hatua chache akageuka.

"Kimbia mbele, uwashe moto," akasema. "Na ile tofali, nikute umeirudisha ku fasi yake."